Simu ya laini mbili (Bukavu)

Simu ya laini mbili ni simu ya mkononi yenye nafasi ya kadi mbili. Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, hiyo ndiyo kawaida: laini ya Vodacom, Airtel au Orange, na kwa anayevuka mto Ruzizi kwenda Rwanda, nyingine ya MTN. Tecno, Itel na Infinix, zote za Transsion ya China iliyoanzishwa 2006, ziliteka soko la Afrika kwa muundo huo, betri inayodumu na kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi.

Umeme ukikatika, wembamba wa simu hausaidii kitu. Simu ndogo ya vitufe hukaa kiganjani, na kidole gumba huwasha tochi gizani kwa kupapasa tu.

Koltani, madini ya Kivu Kusini, mkoa wa Bukavu, hutoa tantali, metali ya kapasita za simu. Simu zenyewe hurudi Bukavu kama bidhaa za kununuliwa.