SPF 30: Mara Thelathini ya Nini?

Kwa mtu mwenye ualbino, losheni ya jua ni dawa ya kila siku. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, na saratani inaweza kumwanza angali kijana. Kwenye chupa yake pameandikwa SPF 30, na mara nyingi hakuna neno la Kiswahili la kumweleza hiyo 30 inahesabu nini. SPF ni kifupi cha Kiingereza, "sun protection factor", na kuitafsiri "kipengele cha ulinzi wa jua" kunapotosha. Kipengele ni sehemu ya kitu, kama kipengele cha mkataba, ilhali namba hii ni ya kuzidisha.

Hupatikana hivi. Kipande cha ngozi hupakwa losheni, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, kisha humulikwa miale ya urujuanimno mpaka kianze kuiva na kuwa chekundu. Kipande cha jirani humulikwa bila kupakwa kitu. Kilichopakwa kikihitaji miale mara 30 ya kile kikavu, losheni hiyo ni SPF 30. Hisabati inalo tayari neno kizidishi, kwa hiyo napendekeza "kizidishi cha kinga ya jua", na katika mazungumzo "kinga mara 30".

Hilo "mara" lina kazi. Linamzuia mtu asidhani 30 ni dakika au saa, maana jua la saa mbili asubuhi si la saa saba mchana. Namba iwe yoyote, losheni hurudiwa kila baada ya saa 2, na mapema zaidi ukitoka jasho au ukioga. Wala usidhani 60 inazuia miale maradufu ya 30: SPF 30 huzuia takribani asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 60 asilimia 98.

Lakini hesabu yote imesimama juu ya zile miligramu 2, na watu wengi hupaka nusu yake au pungufu. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, tangu shina hadi ncha. Mwili mzima wa mtu mzima hula gramu 30 hivi, kwa hiyo chupa ya gramu 100 inapakwa mara tatu tu. Nani ataimudu? Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mjini Moshi, Tanzania, ambako losheni ya Kilisun hutengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ndiyo maana pia nguo za mikono mirefu na kofia pana hutangulia, losheni ikabaki kwa uso, masikio, shingo na migongo ya viganja.

Kizidishi hupima hasa urujuanimno B, unaobabua. Urujuanimno A hupenya ndani zaidi, na dhidi yake tafuta maneno mengine kwenye chupa, "broad spectrum", ambayo kwa Kiswahili ningeyaandika "kinga ya wigo mpana". Lebo nzima basi ingesomeka: Kinga mara 30, wigo mpana, paka kwa wingi, rudia kila saa 2.