Texas Flood ya Stevie Ray Vaughan: Mbona Mashabiki wa Bluzi Bado Wanabishana?

Kuna albamu ambazo kila msee anakubali ni moto, na stori inaishia hapo. Halafu kuna Texas Flood. Imepita zaidi ya miaka 40 tangu itoke, lakini ukiweka wapenzi watatu wa bluzi kwenye meza moja na uitaje, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakuambia ndiyo iliyoamsha bluzi kutoka usingizini. Wa pili atasema ni ngoma za wazee zilizopigwa kwa sauti kubwa. Wa tatu atakubali gitaa ni noma, kisha aseme jamaa ana albamu kali kuliko hiyo.

Kama hujawahi kuiskiza, hii hapa rada yote. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini kila mmoja wa hao watatu ana point.

Jamaa mwenyewe ni nani?

Stevie Ray Vaughan alizaliwa Dallas, Texas, tarehe 3 Oktoba 1954. Kaka yake mkubwa, Jimmie, alikuwa tayari anapiga gitaa, na dogo akafuata nyayo hizo. Baadaye aliacha shule, akahamia Austin na kuanza kupiga shoo kwenye vilabu usiku baada ya usiku. Bendi yake, Double Trouble, ilikuwa na watu wawili tu nyuma yake: Tommy Shannon kwenye besi na Chris Layton kwenye ngoma. Gitaa moja, besi moja, ngoma. Hakuna mahali pa kujificha.

Usiku waliozomewa

Maoni ya kwanza makubwa kuhusu huu muziki yalitolewa kabla hata albamu haijarekodiwa, na hayakuwa mazuri. Julai 1982, Double Trouble walipanda jukwaani kwenye tamasha la Montreux, Uswisi. Hawakuwa na mkataba, hawakuwa na albamu hata moja. Walipiga kama walivyozoea kule Texas, yaani kwa sauti ya kupasua ukuta. Sehemu ya umati ikaona kelele imezidi, ikaanza kuzomea. Hiyo shoo ilirekodiwa, na kelele za kuzomea unaziskia wazi kabisa.

Lakini kwenye tamasha hilohilo kulikuwa na masikio mengine. David Bowie alivutiwa na huyo jamaa, baadaye akamwita apige gitaa kwenye albamu yake ya Let's Dance. Jackson Browne naye akawapa ofa ya kutumia studio yake ya Los Angeles bila kulipa hata senti.

Hapo ndipo unaona mambo ya maoni yalivyo. Usiku mmoja, muziki mmoja: kuna aliyezomea na kuna aliyefungua mlango. Na cheki hii: rekodi za tamasha hilo ziliingia kwenye albamu ya wasanii mbalimbali iitwayo Blues Explosion, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka wa 1985.

Siku tatu za bure

Novemba 1982, bendi ilifika Los Angeles. Walikuwa na siku tatu tu, na sehemu ya muda huo iliishia kwa kupanga vyombo. Walipiga wote watatu pamoja ndani ya chumba kimoja, kama wako kwenye shoo. Nia ilikuwa kutengeneza rekodi ya majaribio ya kutafutia mkataba.

Rekodi hiyo ilimfikia John Hammond, yule mzee wa kampuni za muziki aliyewahi kuwaibua Billie Holiday, Aretha Franklin, Bob Dylan na Bruce Springsteen. Akawaunganisha na Epic, na tarehe 13 Juni 1983 Texas Flood ikaachiliwa. Ngoma 10, chini ya dakika 40. Ilipanda hadi nambari 38 kwenye chati ya albamu ya Billboard, na kwa albamu ya bluzi mwaka huo, hiyo haikuwa kitu kidogo.

Kambi ya kwanza: "Hii ndiyo iliyoamsha bluzi"

Ili uelewe hawa, kumbuka redio za 1983 zilikuwa zinacheza nini. Vinanda vya umeme na mashine za mdundo zilikuwa kila mahali. Halafu ghafla unaskia Pride and Joy: gitaa moja linapiga mdundo, besi na melodi kwa wakati mmoja, kama watu wawili wameshika chombo kimoja.

Wapenzi wa sauti hiyo wanapenda kuongelea vyombo, na hawatii chumvi. Vaughan alikuwa anafunga nyuzi nene kwenye Stratocaster yake iliyochakaa, ile aliyoiita Number One. Uzi wake wa kwanza ulifika inchi 0.013, wakati wapiga gitaa wengi wa umeme hutumia 0.009 au 0.010. Alishusha gitaa nusu toni chini ya kawaida, kisha akalipiga kwa nguvu. Ndiyo maana noti zake zinaskika nzito, kama mtu anagonga meza.

Kwa kambi hii, uzuri wa Texas Flood uko kwenye kutopambwa. Unaskia bendi iliyokula vumbi la vilabu kwa miaka, ikipiga kile inachokijua.

Kambi ya pili: "Mbona ni vitu vya wenyewe?"

Hapa ndipo mjadala unakuwa mzito, na usiupuuze. Kati ya ngoma 10, nne ni za watu wengine. Wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu ulirekodiwa na Larry Davis mwaka wa 1958, na gitaa kwenye rekodi hiyo lilipigwa na Fenton Robinson. Tell Me ni ya Howlin' Wolf. Mary Had a Little Lamb ni ya Buddy Guy. Testify ni ya Isley Brothers, ambao mwaka wa 1964 walikuwa na kijana mmoja kwenye gitaa, jina lake Jimi Hendrix.

Hata kwenye ngoma zake mwenyewe, anayejua bluzi anaskia walimu wake. Rude Mood inatoka moja kwa moja kwenye mtindo wa Lightnin' Hopkins. Zile noti anazozivuta mpaka zinalia ni shule ya Albert King.

Kwa hivyo swali la hawa wasikilizaji si kama Vaughan anajua gitaa. Swali ni hili: mbona dunia ilisubiri mzungu kutoka Dallas ndiyo ipige makofi, wakati Weusi waliozaa hii sauti walikuwa bado hai, wengine bado wanapiga kwenye vilabu vidogo? Larry Davis aliishi hadi 1994. Wangapi walioimba pamoja na Texas Flood wanalijua jina lake?

Majibu ya kambi ya kwanza ni kwamba Vaughan hakuficha kitu. Majina ya watunzi yameandikwa kwenye albamu, na alikuwa anawataja walimu wake kila akihojiwa. Desemba 1983, miezi michache baada ya albamu kutoka, aliketi na Albert King mwenyewe kwenye studio ya televisheni huko Hamilton, Kanada, wakapiga pamoja. Rekodi hiyo ilitoka 1999 kwa jina In Session. Ukiiskiza, unaskia mwanafunzi akimpisha mwalimu, na mwalimu akimtania mwanafunzi.

Bado hiyo haifuti swali. Kuheshimu walimu ni jambo la msanii. Nani anapewa redio, mkataba na chapaa ni jambo la biashara nzima, na hapo kambi ya pili iko sawa.

Kambi ya tatu: "Fiti, lakini si kali zaidi"

Hawa ni wale wameskiza albamu zote. Malalamiko yao ni ya kawaida tu. I'm Cryin' inafanana sana na Pride and Joy, karibu useme ni ngoma moja iliyopunguzwa mwendo. Mashairi mengi ni mapenzi ya juu juu. Sauti yake ya kuimba ni nzuri, ila haifikii gitaa.

Baadhi wanachagua Couldn't Stand the Weather ya 1984, kwa sababu ya Tin Pan Alley na ile Voodoo Child ya Hendrix. Wengine wanasimama na In Step ya 1989, aliyoirekodi baada ya kuachana na pombe na dawa za kulevya, kwa sababu pale ana kitu cha kusema kuhusu maisha yake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 1990, alifariki kwenye ajali ya helikopta huko Wisconsin baada ya shoo. Alikuwa na miaka 35.

Ngoma inayonyamazisha kambi zote

Kuna wimbo mmoja ambao ni nadra kuskia mtu akiubishia: Lenny, wa mwisho kwenye albamu. Hauna maneno. Jina ni la mke wake, Lenora.

Stori yake ni hii. Vaughan aliona gitaa kwenye duka la rehani huko Austin, likiuzwa dola 350. Hakuwa nazo. Lenora akachangisha marafiki, wakalinunua, akapewa kama zawadi ya birthday. Akatunga huo wimbo juu ya gitaa hilohilo na kulibatiza jina la mke wake. Mwaka wa 2004 gitaa hilo lilipigwa mnada, likauzwa dola 623,500.

Ndani ya Lenny hakuna kasi wala kelele. Ni dakika tano hivi za mtu anayeongea polepole na mtu mmoja tu. Hata wale wa kambi ya pili husema hapa ndipo unamskia Vaughan mwenyewe, bila Albert King mabegani.

Uanzie wapi?

Usianze na ngoma ya kwanza. Anza na Pride and Joy uelewe mkono wake. Kisha skiza Texas Flood ya Larry Davis ya 1958, halafu urudi kwa ya Vaughan. Weka hizo mbili kando kwa kando na ujiulize ameongeza nini na ameacha nini. Ya Davis inaenda bila haraka, huzuni yake imekaa kwenye sauti ya mwimbaji. Ya Vaughan imehamisha huzuni yote kwenye nyuzi. Maliza na Lenny usiku, na headphones.

Ukweli ni kwamba kila kambi imeskia kitu kilichoko pale. Waliozomea Montreux waliskia sauti kubwa, na ilikuwa kubwa kweli. Wanaosema ameazima wako sahihi, ameazima. Lakini msee aliyeipenda Texas Flood na hajawahi kumtafuta Larry Davis, Buddy Guy na Albert King ameskiza nusu ya albamu. Hiyo nusu nyingine imekuwa ikimngoja muda wote.