Raskazone: Uzuri wa Pwani Yetu na Kumbukumbu Zake

Mgeni afikaye Tanga akauliza mahali pa kupumzisha macho huelekezwa Raskazone. Hapana budi basi kitabu hiki cha miaka 100 ya usharika wetu kiseme neno juu ya rasi hiyo, kwa maana historia yake imefungamana na yetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Rasi hiyo iko upande wa mashariki wa mji. Ubavu wake mmoja unaitazama ghuba iliyotulia, na mwingine unaielekea bahari kuu. Ukitoka mjini unapita Hospitali ya Bombo, mahali ambapo jengo la kale la hospitali ya Wajerumani lingali limesimama ukingoni mwa maji. Mbele yake ipo mibuyu mikubwa, na fukwe ambazo watoto wetu huogelea siku za mapumziko. Jioni, wavuvi wanaporudi na ngalawa zao, mtu humshukuru Muumba bila kuhimizwa na mhubiri.

Katikati ya ghuba kipo kisiwa cha Toten. Humo yamo magofu ya misikiti na makaburi ya kale, ushahidi kwamba watu wa pwani hii walijenga, walimwomba Mungu na kuwazika wapendwa wao kwa heshima kabla meli za Ulaya hazijatia nanga hapa. Hata chini ya maji Mungu ameweka maajabu yake. Samaki aitwaye silikanti, ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, amevuliwa katika bahari ya Tanga mara nyingi tangu mwaka 2003. Kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009.

Lakini uzuri huo usitufanye tusahau yaliyotendeka hapa. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, walisimama kuupinga utawala wa Kampuni ya Kijerumani. Mwaka uliofuata majeshi ya Wissmann yaliitwaa Tanga kwa silaha, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walianzisha kituo cha Mlalo, huko Usambara, mwaka 1891. Yaani Injili ilipanda milimani kupitia pwani hii miaka miwili tu baada ya mizinga kunyamaza. Si vema Kanisa kulificha jambo hili. Neno la Mungu ni safi, lakini njia liliyopitia ilikuwa na damu ya watu, na wazee waliolipokea walihitaji neema ya kutofautisha sauti ya Kristo na sauti ya mtawala.

Miaka 25 baada ya Wissmann, vita vilirudi, na safari hii viliingilia Raskazone penyewe. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika na kudai mji usalimu amri. Mji haukusalimu. Usiku ule na siku iliyofuata, majeshi yaliyoletwa kutoka India, jumla yake watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, yalianza kuteremka katika rasi hii. Wengi wao walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, wamechoka, wala hawakuijua nchi. Kwa upande wa pili, kamanda von Lettow-Vorbeck alileta askari wake kwa reli ya Usambara, ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Jeshi lake lilikuwa na watu wapatao 1,000 tu.

Tarehe 4 Novemba walipigana katika vichaka na mashamba yaliyo kati ya rasi na mji. Risasi ziliwachokoza nyuki, nao waliwauma watu wa pande zote mbili. Ndiyo maana wengine huviita vita vya nyuki. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini, wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Zaidi ya askari 300 wa upande wao walikuwa wameuawa. Wengi walikuwa vijana wa Kihindi, waliokufia ugenini katika ugomvi usio wao. Askari wetu weusi nao walikufa chini ya bendera ya Kijerumani.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia, niliwapeleka watoto wa Shule ya Jumapili matembezini Raskazone. Baada ya kuogelea tulipita kwenye makaburi ya vita yaliyo hapa Tanga, na mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na babu zetu waliobebeshwa mizigo ya vita wamezikwa wapi?" Nilijua Kigiriki cha Agano Jipya, lakini jibu la mtoto yule sikuwa nalo. Leo najua kwamba katika vita vile, hadi mwaka 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, na kwamba wengi wao hawana kaburi lenye jina popote.

Usharika wetu ni mtoto wa miaka iliyofuata vita hivyo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini mwaka 1920, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wazalendo. Waliotembea kwa miguu kufundisha na kuwafariji wafiwa walikuwa watu wa kizazi kile kile kilichobeba mizigo. Majina ya baadhi yao tumeyaandika katika kitabu hiki. Ya wengine yamo vinywani mwa wazee wetu tu, na kila mwaka tunawazika wazee hao.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kusimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Basi nawasihi, washarika wenzangu: tuwapeleke vijana wetu Raskazone, waogelee na kufurahi, kisha kabla ya kurudi nyumbani wasimuliwe habari hizi. Aidha, kila mwenye jina la babu au bibi lisiloandikwa na alilete ofisi ya usharika mwaka huu wa Jubilei. Bahari ya Raskazone itabaki kuwa nzuri hata tusipofanya lolote. Lakini majina hayo, tusipoyaandika sisi, hayataandikwa na mtu mwingine.