Imani Isiyosikia Ushahidi: Kudumu kwa Nadharia ya Wahamiti katika Eneo la Maziwa Makuu, 1863–1994

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu zilizoifanya nadharia ya Wahamiti iendelee kuaminiwa katika eneo la Maziwa Makuu kwa zaidi ya miaka 130, ilhali ushahidi wa kuipinga ulikuwapo tangu mwanzo. Hoja kuu ni kwamba uhai wa imani hiyo haukutokana na uhaba wa ushahidi. Ulitokana na mambo matatu: nadharia iliundwa kwa namna iliyoweza kumeza kila pingamizi, dola iliigeuza kuwa utaratibu wa utawala, na walioumizwa nayo waliichukua kama silaha badala ya kuitupa.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, magharibi mwa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Alipokewa kwa ukarimu na Omukama Rumanika, akakuta dola yenye mpangilio, adabu za ikulu na kumbukumbu ya nasaba ya watawala. Speke alitoka katika jamii iliyoamini kwamba Mwafrika mweusi hana uwezo wa kuunda dola. Mbele yake palikuwa na njia mbili: ama aibadili imani yake, ama ambadili Rumanika. Alimbadili Rumanika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wafugaji wa eneo hilo, Wahima, walikuwa wazao wa wageni waliotoka Ethiopia na kuwashinda wakulima wenyeji.

Speke mwenyewe aliyaita maelezo hayo nadharia. Hata hivyo, waliomfuata, wamisionari na maafisa wa kikoloni, waliyachukua kama historia, wakayapanua hadi kuwajumuisha Watutsi wa Rwanda, nchi ambayo Speke hakuikanyaga.

2.0 Imani Inayomeza Pingamizi

Jina lenyewe la Hamu lina historia ya kushangaza. Kwa karne nyingi kisa cha Hamu katika Kitabu cha Mwanzo kilifasiriwa kuwa watu weusi ni wazao waliolaaniwa, na tafsiri hiyo ikatumiwa kuhalalisha utumwa. Baada ya msafara wa Napoleon nchini Misri mwaka 1798, Ulaya iliyatambua zaidi maajabu ya ustaarabu wa Misri ya kale. Ikiwa Wamisri ni wana wa Hamu, na wana wa Hamu ni weusi, basi weusi ndio waliojenga Misri. Hitimisho hilo halikuvumilika. Katika karne ya 19 Wahamiti wakafanywa tawi la watu weupe. Maana ya jina ilipinduliwa juu chini, lakini fundisho lilibaki lile lile: Mwafrika mweusi hakujenga kitu.

Ushahidi wa lugha ulikumbana na hali kama hiyo. Wahima na Wairu wa Ankole huzungumza Kinyankore kimoja. Wahutu, Watutsi na Watwa wa Rwanda huzungumza Kinyarwanda kimoja. Zote ni lugha za Kibantu. Kama wafugaji walikuwa taifa la wageni washindi, lugha yao iko wapi? Speke alikwishaandaa jibu: wameisahau. Kwa jibu hilo, kutokuwapo kwa ushahidi kukawa hakuna madhara yoyote kwa nadharia.

Wanaisimu nao walichangia. Carl Meinhof, anayejulikana kwa utafiti wake wa lugha za Kibantu, mwaka 1912 aliiweka lugha ya Wamaasai katika kundi la Kihamiti. Joseph Greenberg, katika uainishaji wake wa mwaka 1963, alionyesha kwamba Kimaasai ni lugha ya Kiniloti na kwamba kundi la Kihamiti halina msingi wa kiisimu. Hata hivyo, kitabu cha C. G. Seligman cha mwaka 1930, kilichodai kwamba ustaarabu wa Afrika ni ustaarabu wa Wahamiti, kilitolewa tena mwaka 1966, toleo la 4, miaka 3 baada ya Greenberg.

Akiolojia na muundo wa jamii vilitoa ushahidi zaidi. Utafiti wa Peter Schmidt huko Katuruka, Buhaya, ulionyesha kwamba wenyeji waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, karne nyingi kabla ya wakati wanaodaiwa kufika washindi hao. Nchini Rwanda, koo kama Abasinga, Abazigaba na Abega zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake.

3.0 Imani Inayopewa Ofisi

Haifai kudai kwamba kabla ya ukoloni Rwanda ilikuwa nchi ya usawa. Chini ya Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, kazi ya shuruti iitwayo uburetwa iliwalemea Wahutu na kulipanua pengo kati yao na Watutsi. Lakini pengo la mamlaka na mali si tofauti ya damu. Kinyarwanda kilikuwa na neno kwihutura, yaani kuacha kuwa Mhutu kwa kupata ng'ombe na hadhi. Mlango ulikuwa mwembamba, ila ulikuwapo.

Utawala wa Ubelgiji uliufunga. Katika miaka ya 1920 machifu Wahutu waliondolewa na nafasi zao kupewa Watutsi. Katika miaka ya 1930 kila mtu aliandikishwa na kupewa kitambulisho kilichotaja kabila lake. Tangu hapo nadharia ilianza kujizalishia ushahidi. Mtutsi alipewa uchifu kwa sababu aliaminiwa kuwa amezaliwa kutawala. Kisha afisa akitazama machifu aliona Watutsi watupu, akathibitisha kwamba kweli wamezaliwa kutawala.

4.0 Silaha Inayogeuzwa

Ingetarajiwa kwamba waliodhulumiwa na imani hiyo wangekuwa wa kwanza kuikana. Haikuwa hivyo. Mwezi Machi 1957 wasomi 9 Wahutu walitoa ilani iliyodai haki, lakini ilani hiyo hiyo ilipinga kufutwa kwa kabila katika vitambulisho. Mwaka 1958 watumishi wakuu wa ikulu ya Nyanza walijibu kwamba mababu zao waliwashinda Wahutu kwa nguvu, hivyo hapakuwa na msingi wa undugu. Pande mbili zilizogombana juu ya kila jambo zilikubaliana juu ya jambo moja, nalo ndilo lililokuwa si kweli: kwamba wao ni mataifa mawili, mwenyeji na mgeni mshindi.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko upesi kupitia mto Nyabarongo. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa. Kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilitosha kuwa hukumu. Nyabarongo na Kagera ilibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na wanavijiji wa Uganda wakazizika Kasensero, Lambu na Ggolo. Maji ya Kagera hupita Karagwe, pale Speke alipokaribishwa.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Historia hii inaonyesha kwamba njia hiyo hurefuka sana ikitengenezwa na shule, sensa na ofisi ya chifu. Baada ya 1994 Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho, lakini lugha ya kuwaita majirani wageni wa kurudishwa kwao bado husikika katika migogoro ya mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo kazi ya mwanahistoria haiishii katika kutoa ushahidi, kwa kuwa ushahidi ulikuwapo tangu Rumanika aliposimama mbele ya Speke. Swali linalopaswa kuulizwa kuhusu kila imani isiyosikia ushahidi ni hili: nani atapoteza cheo, ardhi au kisingizio siku itakapoachwa?