Ganzi ya Usukumani

Ukitoka Songwa, lilipo bwawa ambalo maji yake yamehudumia mgodi wa almasi wa Mwadui, barabara ya kwenda Shinyanga mjini inakupitisha Kolandoto. Mwadui ina jina duniani tangu mwaka 1940, John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipoivumbua hazina yake. Kolandoto haikupata sifa hizo, ingawa wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kutibu watu hapo kabla mtu yeyote hajaota almasi za jirani. Hospitali yao, ambayo leo iko mikononi mwa kanisa la Africa Inland Church Tanzania (AICT), ilihudumia pia wagonjwa wa ukoma. Anayetaka kuelewa kwa nini wanasayansi wa leo wanahangaika kutengeneza jeli ya kuotesha neva, heri aanzie kwa wagonjwa hao.

Ukoma ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa ugonjwa wa ngozi. Bakteria wake, waliotambuliwa na Gerhard Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kwa hiyo hujibanza kwenye neva zinazopita karibu na ngozi: kwenye kiwiko, pembeni mwa goti, kwenye kifundo cha mguu. Kinga ya mwili inapowavamia, neva huvimba na kujinyonga yenyewe. Ganzi huingia. Mkulima wa pamba hukanyaga mwiba asijue. Mama huepua sufuria ya moto, na habari ya kuungua huipata kwa macho, malengelenge yakishatoka.

Kwa karne nyingi watu, madaktari wakiwemo, waliamini kwamba vidole vya mkoma vinaoza na kudondoka. Aliyeiondoa imani hiyo ni Paul Brand, daktari mpasuaji wa Vellore, India. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alionyesha kwamba vidole huliwa na majeraha yasiyohisiwa. Aliazima kano za misuli mizima na kuzihamishia kwenye vidole vilivyojikunja, mkono ukaweza tena kushika jembe. Mafundi wa viatu nao walipata kazi isiyo ya kawaida. Katambuga iliyopigiliwa misumari haimfai mtu ambaye hatajua msumari umeanza kumchoma, hivyo viatu vya wagonjwa vilishonwa au kugundishwa, soli ya ndani ikiwa laini.

Kwa Tanzania, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na katika miaka ya 1980 mseto wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ukaanza kutumika nchini. Bakteria walikufa. Ganzi ya muda mrefu ilibaki pale pale, na kwa maoni ya mwandishi huyu hilo ndilo fungu la historia ya ukoma linalosemwa kwa uchache mno: mgonjwa aliandikwa kuwa amepona, akarudi nyumbani na mguu usiohisi.

Je, neva haioti tena? Huota, ile ya mikononi na miguuni, kwa wastani wa milimita 1 kwa siku, mradi ipate njia ya kufuata. Pengo likiwa refu, nyuzi zake hupotea na kujiviringisha kwenye kovu. Ndiyo maana wapasuaji hukata kipande cha neva ya nyuma ya muundi na kukishona penye pengo, wakikubali mgonjwa apate ganzi kidogo pembeni mwa mguu. Mwaka 1991, J. H. Pereira, D. D. Palande na wenzao waliandika katika jarida la Lancet juu ya njia nyingine waliyoijaribu kwa wagonjwa wa ukoma: walichukua msuli wa mgonjwa mwenyewe, wakaua chembe zake, wakaupachika palipoharibika neva. Mirija mitupu ya msuli ule iligeuka kuwa njia, na baadhi ya wagonjwa wakaanza kuhisi tena nyayoni.

Msuli ule ulikuwa kiunzi. Haidrojeli inataka kufanya kazi hiyo hiyo bila kumchana mgonjwa mahali pengine.

Jeli ya namna hiyo ni nyuzi za kemikali zilizosukwa kama wavu na kushika maji mengi. Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia waliitangaza mwaka 1960 kwa matumizi ya mwilini, nayo ikazaa lenzi laini za machoni. Kwa neva, ulaini pekee hautoshi. Jeli ngumu huzuia nyuzi za neva kupenya. Ikiyeyuka mapema, njia inabomoka. Mwaka 2003, Matthias Lutolf, Jeffrey Hubbell na wenzao walionyesha jeli ya maabara ambayo chembe hai huikata zenyewe kadiri zinavyosonga mbele, huku vipande vifupi vya protini vikizipa mahali pa kujishikiza. Mwaka 2021 kikundi cha Samuel Stupp, Chicago, kilidunga jeli ya nyuzi za aina nyingine kwenye uti wa mgongo wa panya waliopooza, nao wakatembea tena baada ya wiki chache. Panya lakini, si mchimbaji aliyefukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Geita.

Na Geita ina madhara ambayo kiunzi hakiyagusi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Rwamagasa mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulikuta wachoma dhahabu wenye mitetemeko na mwendo wa kuyumba. Mvuke wa zebaki huingia hadi kwenye ubongo. Hauachi pengo moja ambalo daktari anaweza kuliziba.

Aliyekatwa neva kiwikoni ana hesabu nyingine. Kutoka hapo hadi kwenye misuli ya kiganja ni kama sentimita 30, yaani miezi 10 ya kuota, na msuli uliokosa neva kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kwa kawaida haufufuki. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Majeruhi huyo akifika huko baada ya mwaka, hata jeli bora kuliko zote itakuta saa zake zimekwisha.