Nani Mwenye Kauli juu ya Mgonjwa? Kutoka Lazareti za Malale hadi Beni

Historia ya tiba nchini Kongo huandikwa mara nyingi kama historia ya dawa na madaktari. Katika makala hii fupi twauliza jambo jingine: mgonjwa mwenyewe aliulizwa nini?

Tuanze na malale. Kwa amri za mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilidhibiti safari za wenyeji kwa pasipoti ya afya. Wanakijiji walipangwa mistari wakapapaswa matezi ya shingo. Katika miaka ile ya mwanzo, aliyeonekana mgonjwa alipelekwa lazareti, kama ile ya Ibembo, mbali na jamaa zake. Dawa yenyewe, atoksili, iliwapofusha baadhi yao. Haishangazi kwamba watu walikimbilia msituni kikosi cha uchunguzi kilipokaribia. Watawala waliona katika hilo ujinga. Sisi twaona jibu la watu ambao hawakuulizwa.

Mwaka 1920 Louise Pearce, wa Taasisi ya Rockefeller ya New York, alifika Léopoldville kujaribu dawa mpya, tripasamidi, kwa wagonjwa 77. Ilifaa, ikatumika miaka mingi. Kanuni ya kwamba mtu asifanyiwe majaribio bila ridhaa yake ilikuja kuandikwa Nuremberg mwaka 1947.

Je, nje ya mikono ya mkoloni mgonjwa alijiamulia? La. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu Bakongo, alionyesha kwamba jamaa ndio walioshauriana: mgonjwa aende kwa mganga wa kienyeji, kwa nabii au hospitali, na nani alipe. Lugha yetu yakumbuka hayo. Mgonjwa huugua, jamaa humuuguza: kitenzi ni kimoja, na hata leo ndugu hulala kando ya kitanda cha hospitali, akipika na kutafuta dawa. Hiyo ni kinga kubwa. Lakini wanaosifu mila (nao ni wengi katika vyuo vyetu) husahau kwamba mke mgonjwa aweza kukosa kauli mbele ya wakubwa wa ukoo.

Novemba 2018 jaribio la PALM la dawa nne za Ebola lilianza Beni, likaingiza wagonjwa 681 hadi Agosti 2019. Safari hii ridhaa ya mgonjwa, au ya msimamizi wake, ilitangulia. Dawa mbili zilishinda. Mojawapo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Hapo mwanaisimu ana swali. Kwa Kiswahili chetu, daktari na mganga wa kienyeji wote huitwa munganga, na munganga hapingwi hadharani. «Majaribu», kanisani, ni mateso na vishawishi. «Majaribio» yako umbali wa silabi moja. Anayeitikia «ndiyo, munganga» ameridhia, au ameonyesha adabu tu? Saini haituambii.