Tosamaganga: Kijiji chenye sura ya Italia katika vilima vya Iringa

TOSAMAGANGA ni kijiji cha misheni ya Kikatoliki kilichojengwa juu ya kilima, takriban kilomita 15 kusini-magharibi mwa mji wa Iringa. Anayefika kwa mara ya kwanza hulakiwa na mapaa ya vigae vyekundu na kanisa kubwa la kale, sura inayokaribiana na ya kijiji cha mashambani nchini Italia.

Katika Kihehe, jina hilo lina maana ya kutupa mawe. Husimuliwa kuwa lilitokana na mizinga ambayo majeshi ya Wajerumani yaliifyatua kutoka kilimani hapo kuishambulia Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyoanguka Oktoba 30, 1894.

Misheni ilianzishwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1890. Wajerumani walipoondolewa kutokana na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nafasi yao ilichukuliwa mwaka 1919 na Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia. Shirika hilo liliasisiwa mwaka 1901 na Padri Giuseppe Allamano, aliyetangazwa kuwa mtakatifu Oktoba 20, 2024. Ni Waitalia hao walioiachia Tosamaganga sura ya kwao.

Huko Italia kwenyewe, vijiji vingi vya milimani vilihamwa katika karne ya 20, wakazi wakifuata kazi mijini na ng'ambo. Baadhi vimefufuliwa na utalii. Katika kijiji cha Santo Stefano di Sessanio, jimboni Abruzzo, nyumba za kale zilikarabatiwa na kugeuzwa vyumba vya hoteli moja iliyotawanyika kijijini. Mgeni hulipia ukimya ulioachwa na waliohama.

Tosamaganga haikuhamwa. Ipo hospitali teule inayohudumia wananchi wa Wilaya ya Iringa, ipo shule ya sekondari, na kipo kituo cha kulelea watoto yatima kinachoendeshwa na masista. Utulivu wake ni wa mahali penye kazi: kengele ya kanisa, wanafunzi njiani, na ndugu wa wagonjwa wakipumzika kivulini.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda kupumzika hana budi kukumbuka kuwa yumo katika makazi ya watu. Ni ustaarabu kupiga hodi parokiani, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kutowageuza wagonjwa na watoto kuwa maonyesho. Salamu hufungua milango mingi kuliko kamera.

Wageni wengi hulala Iringa mjini na kwenda Tosamaganga kwa siku moja. Juni hadi Agosti ni miezi mikavu, lakini usiku una baridi kali, hivyo sweta ni lazima. Safari hiyo yaweza kuunganishwa na Kalenga, yenye makumbusho linamohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, au Isimila, kando ya barabara ya Mbeya, palipogunduliwa zana za mawe za binadamu wa kale.

Vigae na kuta za zamani huhitaji matunzo, na mgeni anayetoa sadaka kanisani au kununua mahitaji yake kwa wenyeji huacha faida papo hapo. Nyumba zilizoko kilimani hapo zimedumu kwa kuwa zingali na watu wa kuzitumia.